Mkuu wa Stesheni ya Kasese

Nilimdanganya mzee wa Kijapani nikiwa na kipande cha samaki mdomoni. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la stesheni kuu ya mji wao, kila mmoja na sanduku lake la chakula mapajani, tukingoja treni ya saa saba na dakika kumi na mbili. Akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikatafuna, nikameza, nikasema, "Ni mkuu wa stesheni."

Ningependa kusema neno lilinitoka tu. Si kweli. Nilikuwa na muda wote wa kumeza samaki yule, na katika muda huo nililichagua neno kama mtu achaguavyo nyanya sokoni.

Ofisi yetu iko Bwera, karibu na mpaka, si mbali na mji wetu wa Kasese. Tunanunua kahawa ya wakulima wa milimani, tunaichagua, tunaiuza nje. Mwaka ule nilipelekwa Japani miezi mitatu kujifunza kukaanga na kuonja, katika kiwanda kidogo kinachonunua magunia yetu. Haukuwa mji mkuu. Ulikuwa mji wa mkoa, wenye mto katikati na milima nyuma yake. Nilikaa nyumbani kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa amefanya kazi stesheni tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na hakuamini kwamba mgeni anaweza kuujua mji kabla ya kuijua stesheni yake.

Jumatatu ya kwanza alinipeleka kama mtoto anayeanza shule. Alinionyesha mahali pa kugusisha kadi ili kijimlango kifunguke. Niligusisha vibaya, kikanifungia mapajani, na watu waliokuwa nyuma yangu wakasimama kimya, hata mmoja asisonye. Alinionyesha alama za sakafuni ambapo milango ya treni ingesimama, na kweli ilisimama hapohapo. Alinionyesha mistari ya manjano yenye vinundu, inayowaongoza vipofu kutoka barabarani hadi kwenye behewa. Juu ya duka la magazeti mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota, na badala ya kukibomoa, wafanyakazi walikuwa wamepigilia kibao chini yake ili uchafu usiwaangukie abiria. Kibao kilikuwa na maandishi. Mzee akanisomea: "Tuwie radhi, hapa wanalelewa watoto."

Kilichonishika zaidi ni mikono ya wafanyakazi. Treni ilipotaka kuondoka, mmoja wao mwenye glavu nyeupe alinyoosha kidole kuelekea mwisho mmoja wa jukwaa, akatamka neno, akageuka, akanyoosha kidole upande wa pili, akatamka tena. Hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Mzee alinieleza kwamba ndivyo walivyofundishwa: jicho likiwa peke yake huota, lakini jicho, kidole na sauti vikifanya kazi pamoja, havisinzii.

Tuliongea kwa simu yake. Alikuwa amegundua kwamba simu ile inajua Kiswahili, na alifurahi kunishinda mimi mwenyewe. Yeye alisema Kijapani, simu ikasema Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Mimi nikajibu polepole na kwa sauti, la sivyo simu haikushika kitu. Kwa hiyo uongo wangu sikuunong'ona. Niliutamka neno kwa neno, kama mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Kasese kuna stesheni?" ndivyo alivyoanza.

"Ipo," nilisema. Hilo lilikuwa kweli.

"Treni ngapi kwa siku?"

"Nyingi kidogo."

"Na baba yako anafanya kazi gani?"

Simu ilipomtafsiria jibu langu, aliweka vijiti vyake chini, akasimama, akainama mbele yangu, mgongo umenyooka. Hakuwa ananiinamia mimi. Alikuwa anamsalimu mwenzake aliyekuwa mbali. Mimi nilibaki nimekaa na sanduku langu la wali, nikisalimiwa kwa niaba ya mtu ambaye hayupo.

Treni ziliacha kuja Kasese nikiwa mdogo. Nakumbuka moja tu, au nadhani naikumbuka: kishindo cha mabehewa, na mama amenishika sikio nisisogee relini. Reli yetu iliishia pale. Walioijenga walikuwa wakiifuata shaba ya Kilembe, na mbele ya Kasese hakuna ila milima. Treni zilipokoma, wafanyakazi walirudi makwao, wengine Tororo, wengine Gulu, wengine Kenya, wakatuachia Kiswahili chao. Ndiyo maana katika nyumba za stesheni, nilikozaliwa, watu walisemezana Kiswahili hata pale walipokuwa wote Bakonzo, wenyeji wa milima ile.

Baba hakuondoka. Kwao ni Kitswamba, si mbali, na ana shamba huko, lakini alibaki katika vyumba vyetu viwili vya stesheni. Hakuwahi kuwa mkuu wa kitu chochote. Alikuwa mtu wa pointi. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkono mrefu wa chuma unaosogeza reli, ili treni inayoingia ishike laini inayotakiwa. Treni zilipokoma, yeye aliendelea. Asubuhi alifagia jukwaa. Jumamosi alipaka pointi mafuta machafu aliyoyaomba kwa mafundi wa magari, akaivuta mara mbili tatu isije ikashika kutu. Ng'ombe walilala kwenye laini ya tatu, na juu ya paa walisimama wale korongo wakubwa wenye vipara. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemkataza.

Wenzangu wa shule walipita njia ya mkato nyuma ya stesheni. Walikuwa wakimwona na ufagio wake, wanamuuliza, "Mzee, leo inafika saa ngapi?" Naye, bila hasira hata kidogo, aliwajibu, "Leo hakuna." Wakacheka mpaka kujishika mbavu. Siku nyingine nilikuwa pamoja nao, na nilicheka. Sikucheka kwa kuogopa wataniona sicheki nao. Nilicheka kwa sababu kwa kitambo kile, nikiwa katikati yao, alikuwa kweli mzee wa kuchekesha.

Basi nilipokuwa kwenye lile benchi, na kila kitu kikipita kwa dakika yake, niliona ng'ombe wa laini ya tatu, nikaona ufagio, nikasema nilichosema.

Siku ya kuagana mwenyeji wangu aliniletea boksi lililofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na kofia yake ya kazi, nyeusi, yenye utepe wa dhahabu kuizunguka. Alikuwa ameipiga brashi.

"Mpe baba yako," simu ilisema. "Mwambie imetoka kwa mfanyakazi wa reli kwenda kwa mfanyakazi wa reli."

Niliipokea kwa mikono miwili, kama walivyonifundisha. Nilipofika nyumbani sikumpa. Ningempaje bila kumweleza kwamba imetumwa kwa mkuu wa stesheni? Niliiweka ndani ya sanduku langu la safari, nikatupia vidonge vya nondo, nikalisukuma chini ya kitanda changu Bwera. Ilikaa huko miaka minne. Kila sikukuu mzee alinitumia salamu, na kila mara aliuliza habari za mkuu wa stesheni. Nilimjibu kwamba hajambo, kazi ni nyingi.

Kisha ikaja barua kutoka kiwandani. Wanunuzi wawili wangekuja kuona mashamba, na mzee angefuatana nao kwa nauli yake mwenyewe. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto wake walimwambia safari itamfaa. Alikuwa na ombi moja tu.

Niliipanga ratiba yao kama mtu anayejenga ukuta. Siku ya kwanza, milimani kwa wakulima tangu asubuhi. Siku ya pili, Mpondwe, waone malori na soko la mpakani. Siku ya tatu, Katunguru, waone viboko chini ya daraja. Mzee alishukuru kwa kila kitu. Alishukuru kwa kahawa, kwa viboko, na hata kwa mvua iliyotulowesha. Na kila jioni simu yake iliniuliza, "Kesho stesheni?"

Siku ya nne sikuwa na ukuta tena.

"Stesheni inafanyiwa ukarabati," nilimwambia.

"Vizuri sana! Napenda kuona watu wakikarabati."

"Na baba amesafiri. Ameitwa Kampala, kwenye mkutano wa wakuu wa stesheni."

Nikaona kwamba amehuzunika kweli. Kisha akasema, "Basi nitaisalimu stesheni yake."

Dereva wa ofisi ni Mwislamu wa Kasese, tumekua pamoja. Tulipokuwa tunaiacha barabara kubwa akanigeukia, uso umekunjuka.

"Dada, mzee nimemwambia tangu jana."

"Mzee nani?"

"Baba yako. Nimemwambia wageni wa Japani wanakuja kuona stesheni. Alifurahi, wacha tu."

Nilitaka kumwambia ageuze gari. Lakini mzee wa Kijapani alikuwa ameshaiona reli kupitia dirishani, na alikuwa ameukaza uso wake kwenye kioo.

Baba alisimama ukingoni mwa jukwaa. Alikuwa amevaa koti lake la kaki la zamani. Vifungo viwili vilikuwa vya shaba, vimeng'arishwa, na vilivyobaki vya plastiki. Bendera ya kijani ilikuwa kwapani, imekunjwa. Alikuwa amefagia, na mistari ya ufagio ilionekana kwenye vumbi toka mwanzo wa jukwaa mpaka mwisho, imenyooka, na hakuna aliyekuwa ameikanyaga, hata yeye mwenyewe. Aliponiona nikishuka alitabasamu, akaanza kuinua mkono.

Mzee alitazama paa lenye matundu, akatazama nyasi kati ya reli, akatazama ng'ombe. Kisha akamtazama baba. Akaninyooshea simu.

"Huyu ni nani?"

Simu ilihitaji sauti. Ilihitaji nitamke vizuri.

"Ni askari," nilisema. "Analinda majengo."

Baba alikuwa hatua nne kutoka nilipo. Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pale, halina kazi. Kisha aliushusha mkono aliokuwa ameuinua, akabana visigino, akasema, "Karibuni, wageni." Akanigeukia mimi. "Karibu, madamu."

Nyuma yangu nilisikia dereva akiufunga mlango wa gari taratibu sana.

Wale wanunuzi wawili walianza kupiga picha za korongo. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye pointi. Mahali pote palipokuwa na chuma palikuwa na kutu, ila pale. Aligusa ule mkono kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake kikiwa cheusi kwa mafuta, akamtazama baba. Baba hakungoja simu. Aliweka mguu mmoja mbele, akaushika mkono wa chuma, akauvuta, na reli zile zisizopitisha kitu zikasogea, zikagonga mahali pake. Mlio ule naujua tangu tumboni mwa mama yangu.

"Laini ya pili, wazi!" baba akapiga kelele.

Mzee wa Kijapani akasimama wima. Akanyoosha kidole kuelekea milimani, akatamka neno. Akageuka, akanyoosha kidole kuelekea Kampala, akatamka tena. Baba alimtazama kwa makini, kisha akaikunjua bendera ya kijani akaiinua. Walirudia. Laini ya kwanza, laini ya pili. Hakuna aliyecheka. Ningekuwa mtu mwingine, mtu wa kupita tu, ningesema sijapata kuona wazee wawili wakielewana namna ile. Lakini nilikuwa mimi, na nilikuwa nikiomba Mungu wamalize haraka.

Walipomaliza walikaa kwenye ngazi za jukwaa. Sasa mzee alimnyooshea baba simu, si mimi.

"Umefanya kazi hapa miaka mingi?"

"Mingi."

"Mkuu wa stesheni ni mtu mzuri?"

Baba alifikiri. "Simjui sana," alisema. "Mimi ni wa nje, yeye wa ofisini."

Mzee alicheka, akanigeukia. "Kofia niliyompa baba yako, ilimtosha?"

"Ilimtosha sana," nilisema.

Baba alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu tufike, na alinitazama kichwani, kana kwamba kofia hiyo ningekuwa nimeivaa mimi. Mzee akamrudishia simu.

"Una watoto?"

"Niko na batoto batatu," baba akasema.

Simu ilinguruma, ikatoa neno lisiloeleweka. Kiswahili cha stesheni haikukijua. Mzee akaomba radhi, akamsogezea karibu zaidi. Baba akakohoa, akasafisha koo, akalitamka polepole, vizuri kabisa, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

"Watoto. Watatu."

Simu ikatafsiri. Mzee akainua vidole vitatu, akauliza kwa macho, na baba akatikisa kichwa, ndiyo.

Tuko wanne. Mimi ndiye kitinda mimba.

Tulipoaga, mzee alimwinamia baba mgongo umenyooka, ile salamu ya benchini, akakaa hivyo muda mrefu. Baba hakujua afanye nini, akainama pia. "Wasingya," akasema, maana shukrani humtoka kwa Lhukonzo. Mimi nilimpungia mkono kidogo tu, kama mtu anavyompungia askari.

Njiani dereva alizima redio. Tulipita Kikorongo, tukapanda hadi Bwera, na hakunena ila kuuliza kama wageni wanataka maji. Jioni, mbele ya hoteli, mzee aliniambia, "Yule askari wenu ni mtu wa reli." Nilisema ndiyo. Alingoja kidogo huku simu imewashwa mkononi, kisha akaizima, akanitakia usiku mwema.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda Kasese na boksi la kofia. Baba alikuwa kibarazani akichambua maharage kwenye ungo. Nilipiga magoti, nikamsalimu, akaitikia. Nikakaa kwenye kigoda.

"Kofia iko wapi?" akauliza.

Nikampa boksi. Alilifungua, akaitoa kofia, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye utepe wa dhahabu, akainusa.

"Inanuka dawa ya nondo."

"Ilikaa sandukuni."

"Miaka ngapi?"

"Minne, Baba. Karibu mitano."

Akarudi kwenye maharage yake. Alitoa jiwe moja, akalitupa uani, kuku akalikimbilia.

"Huko Japani mimi nilikuwa nani?"

"Mkuu wa stesheni."

"Mimi sikukaa ofisini hata siku moja."

"Najua."

"Hata chai ya ofisini sijainywa. Sasa kwa nini ulinipeleka ofisini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilifungua mdomo nikaona kwamba jibu lolote nitakalotoa litamtukana mara ya pili, kwa hiyo nikalia. Nililia kwa sauti, na mwanamke wa nyumba ya pili akachungulia, akarudi ndani. Baba alingoja nimalize. Hakunigusa bega, wala hakuniambia nyamaza.

"Baba, ulisema watatu," nikasema mwishoni.

"Ningesema wane, angeuliza wa ine iko wapi." Akatikisa ungo. "Ningemuonyesha nani?"

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe, alisema amesikia. Nilipoinuka kuondoka aliifunga kofia vizuri ndani ya kitambaa chake, akanirudishia boksi mkononi.

"Hii ni ya mkuu wa stesheni. Mupelekee mwenyewe."

Wiki ile nilimwandikia mzee. Niliandika kwa Kiswahili, nikijua simu yake itasoma, nikachana mara tatu. Mara ya kwanza nilieleza umaskini. Mara ya pili nilieleza jinsi nilivyokuwa mgeni na mpweke. Mara ya tatu nilimsema dereva, kwamba asingemwambia baba, hayo yasingetokea. Ya nne ilikuwa fupi. Niliandika kwamba yule mtu wa pointi ni baba yangu, kwamba hakuna treni, na kwamba yeye hakudanganya chochote ila hesabu ya watoto, na hiyo aliidanganya kwa ajili yangu.

Majibu yalichukua miezi miwili na nusu. Kilikuwa kifurushi kwenye sanduku la posta la ofisi. Juu, kwa herufi za kizungu zilizoandikwa na mkono usiozizoea, kilisema: kwa mtu wa pointi, Kasese. Chini, kwa herufi ndogo, jina langu kama mpelekaji.

Ndani mlikuwa na glavu za kazi za turubai, nene, na barua ya ukurasa mmoja, Kijapani upande huu na Kiswahili cha simu upande ule. Niliisoma kwa sauti mbele ya baba, maana macho yake yamechoka. Mzee alimweleza kwamba kabla ya kuvaa kofia yeye pia alivuta pointi, miaka mingi, katika kituo kidogo chenye theluji, na kwamba vidole vyake bado humuuma asubuhi. Alimuuliza mafuta ya magari hayagandi wakati wa baridi? Alimuuliza kama ng'ombe wa laini ya tatu ni wake. Alimuuliza mambo saba au manane, yote ya kazi. Niligeuza karatasi nikitafuta. Mwishoni kabisa palikuwa na mstari mmoja ulionihusu mimi.

"Kwa binti yako: asante kwa kutafsiri."

Niliusoma huo pia. Baba alizivaa glavu, akakunja na kukunjua vidole, akasema zinatosha, akaniambia nichukue kalamu.

Tangu hapo wanaandikiana. Barua hupita mikononi mwangu kwenda na kurudi, kila baada ya miezi miwili mitatu. Baba husema, mimi huandika, na sibadilishi neno. Anamweleza kwamba hapana, hakuna baridi, lakini vumbi ni baya kuliko theluji. Anamweleza kwamba wapimaji wamekuja tena na vyombo vyao wakatazama reli wakaondoka. Mzee anamweleza kwamba stesheni yao sasa ina mashine mahali pa watu wawili aliowafundisha yeye. Katika barua zote hizo hajaniuliza hali, na mimi sijaandika salamu zangu chini ya za baba. Kofia bado iko kwangu. Hakuna kati yao anayeitaja.

Baba hunipokea kama zamani. Hula ninachompelekea. Ila kuja nyumbani kwangu Bwera ameacha. Zamani alikuja kila Krismasi, akalala siku tatu. Sasa husema nani atafagia. Nimemwambia dereva anaweza kumleta asubuhi na kumrudisha jioni, akasema ataangalia.

Siku hizi mtu akiniuliza baba yangu ni nani, namwambia. Mwezi uliopita tulipata wageni wengine ofisini, kutoka Kampala, watu wa kawaida tu, na mmoja wao akauliza kwa kupitisha muda. Nikamwambia baba yangu alikuwa mtu wa pointi kwenye stesheni ya Kasese. Hakujua pointi ni nini, nikamweleza, mkono wa chuma, laini ya kwanza, laini ya pili, na nilipofika katikati nikajisikia: nilikuwa naongea kwa sauti kubwa mno. Watu wa meza ya pili walikuwa wameacha kuchagua kahawa wananitazama. Dereva alikuwa mlangoni na funguo zake. Yule mgeni akasema, "Aa, vizuri," akatazama saa yake. Niliteremsha sauti, nikamaliza kueleza, nikarudi kwenye kahawa.